Mama Mdogo Hasifu Mtu

Shule niliyoitamani ni ya biashara, iko Nairobi, na wanaoomba kuingia ni wengi mno kuliko viti vyake. Jina silitaji. Inatosha kusema kwamba mimi, mwanamke wa Kindu mwenye magunia ya mpunga na mapipa ya mawese, niliiwaza mpaka nikawa naunguza sombe ya majani ya muhogo jikoni.

Mtihani wa hesabu niliufaulu. Niliufanya kwa kompyuta dukani kwa jirani yetu, mtu wa Butembo anayeuza vipuri vya pikipiki, kwa sababu yeye ndiye mwenye umeme wa jua na intaneti isiyokatika ovyo. Insha zilinitoa jasho zaidi. Jirani alizisoma akiwa amesimama, akacheka kwa sauti mbele ya wateja wake.

"Dada, kila mahali unaandika tuliuza, tulipanga, tuliamua. Ile shule haichukue soko muzima. Inachukua muntu moja. Nani aliamua?"

"Miye."

"Sasa andika vile."

Nilinuna. Kwetu mtu wa kujitaja kila mara huonekana hana malezi, na mimi tayari nina sifa ya hasira za karibu. Hata hivyo nilikwenda nyumbani nikaandika upya, nikajisifu mpaka nikaona aibu mbele ya karatasi.

Kilichobaki kilikuwa kimoja, nacho kilinikosesha raha. Shule ilitaka kumsikia mtu aliyenisimamia kazini. Msimamizi wangu ni mama mdogo, mdogo wa mama yangu mzazi, ambaye alinilea tangu mama alipofariki. Biashara ni yake, mimi ni mkono wake wa kulia. Kwa biashara za kifamilia shule haikupokea barua. Walipiga simu wenyewe, na mwombaji hakutakiwa kuwepo chumbani. Jirani aliniambia wazi kwamba mtu anaweza kuwa na insha tamu na hesabu safi, halafu akaangushwa na simu hiyo.

Ndipo tukaamua kufanya mazoezi. Jirani alimwomba dada yake aliyeko Goma apige, ili mama mdogo azoee sauti ya mtu asiyemjua. Tulimweleza mama mdogo kila kitu. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akakaa kwenye kiti chake cha mianzi, simu ikaita, tukaiweka spika.

"Mama, huyu binti yako anafanya kazi namna gani?"

"Huyu?" mama mdogo akasema, na uso wake ukajifunga kama duka siku ya Jumapili. "Huyu hana kitu. Iko muvivu. Kichwa yake nguvu, ananiharibia tu mupunga. Tunamuvumilia sababu njo damu yetu."

Nilidhani anatania. Dada wa Goma akajaribu tena, akauliza kama naaminika, kama nina akili ya biashara. Kila swali lilipata jibu baya kuliko lililotangulia. Alipofika kusema kwamba hata kupika sijui, niliinyakua simu nikaikata.

"Mama, unaniua!"

"Nakuua? Miye njo nakulinda. Muntu simujue ananiuliza mutoto wangu iko namna gani. Nimuambie nini? Unataka akuchukue?"

"Ndiyo! Njo nataka! Anichukue!"

Alinitazama kana kwamba nimetukana marehemu. Jirani alijifanya kutafuta kitu mfukoni, kisha akatoka bila kuaga.

Nilijua maneno yale yalitoka wapi. Ndiyo maana yaliniuma, maana kitu usichokielewa unaweza kukicheka.

Miaka ya vita, mji wetu ulikuwa umefungwa. Wenye bunduki walikuwa mjini, wenye bunduki wengine walikuwa msituni, na sisi tulikuwa katikati na njaa yetu. Treni haikuja tena. Nyasi ziliota kwenye reli. Wanaume hawakuthubutu kutoka, kwa hiyo waliokwenda kutafuta chakula walikuwa wanawake: tulivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, tukashika njia ya Kailo na chumvi kidogo vichwani, tukarudi na mpunga na muhogo. Nilikuwa binti wa shule ya msingi, ila shule yenyewe ilikuwa imefungwa. Mama mdogo alinichukua kwa sababu nilijua kupiga hesabu kichwani. Chumvi hii ni makopo mangapi ya mpunga, kila mama apate kiasi gani. Nilisema, nao waligawana bila ugomvi.

Tulitembea pamoja na mama mmoja wa mtaani kwetu na binti yake, niliyesoma naye dawati moja. Siku moja, kwenye kizuizi cha wenye bunduki njiani, alikuwepo mkubwa mpya. Askari wake walikwisha kuanza kufungua mizigo. Yule mama aliona chumvi yake inakwenda, akafikiri heshima itamwokoa. Alimsukuma binti yake mbele kidogo, akasema kwa fahari, "Mukubwa, huyu wangu anasoma. Anaandika Kifaransa kama mwalimu."

Mkubwa alifurahi. Alisema hiyo ni bahati, maana kule kambini hawana mtu wa kuwaandikia. Alimshika rafiki yangu mkono, taratibu, bila hata kufoka. "Tutamurudisha," akasema.

Kisha akageuka kwangu. "Na huyu?"

Mama mdogo akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile. Alinipiga kofi la kisogoni na kusema, "Huyu? Kichwa yake haina kitu. Hata kuhesabu vidole hajue. Njo mutoto wa kubeba tu."

Mkubwa aliinua mkono wake mbele ya macho yangu akaniuliza vidole vingapi. Niliviona vyote, na kucha zake chafu, na pete. Nilijua kwamba nikijibu sawasawa nimekwisha, na nilijua pia kwamba nikijibu haraka mno atashuku. Niliacha mdomo wazi. Nikasema, "Mingi." Askari walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake. Wakatuachia njia.

Rafiki yangu hakurudi. Mama yake alitembea nasi mpaka mjini, na kwa muda mrefu alisimama kivukoni kila mtumbwi ulipofika.

Tangu hapo wanawake wa soko letu hawakumsifu mtoto mbele ya mgeni. Ukiuliza habari za mwanao, wanakujibu kwamba ni mchafu, ni mwizi, ana kifafa. Vita viliondoka, mazoea yakabaki. Wachumba walipoanza kuja kwetu, mama mdogo aliwaambia kwamba nina maradhi ya tumbo na sipendi kuamka. Wa kwanza aliondoka bila kumaliza soda yake. Aliyenioa alinioa kwa sababu ni mbishi kama mimi, akataka kuhakikisha mwenyewe. Naye alipofariki, nilirudi kwa mama mdogo, na kwa wageni akaendelea kuniponda kama kawaida.

Baada ya mazoezi yale tuligombana siku nzima. Nilimwambia vita viliisha zamani.

"Viliisha," akakubali. "Sasa banakuchukua na karatasi. Si kukuchukua tu?"

"Mama, ni shule!"

"Na kule walisema ni kuandika."

Nilibamiza mlango. Jirani akanishauri mke wake apokee simu na kujifanya mama mdogo. Nilikasirika, kisha nikalifikiria, kisha nikakasirika zaidi kwa sababu nimelifikiria. Nilikataa. Siku zilizobaki mimi na mama mdogo tuliongea habari za mpunga tu.

Asubuhi ya simu yenyewe alivaa kitenge chake cha kanisani, bila mimi kumwambia. Niliweka simu mezani kwa spika, nikamwonyesha pa kubonyeza ingawa anajua vizuri, nikatoka uani. Nilisimama kati ya mapipa ya mawese na ukuta. Ukuta wetu una matundu ya hewa, na mama mdogo huongea na simu kana kwamba mtu yuko ng'ambo ya mto. Nilisikia kila neno.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Nairobi, ya upole. Alimsalimu, akamuuliza hali ya biashara, kisha akafika penyewe. "Mama, wewe ndiye umemsimamia miaka hii yote. Hebu niambie, ni mtu wa namna gani?"

"Huyu..." mama mdogo akaanza, na ilikuwa sauti ileile ya pale kwenye kizuizi. Nilifumba macho. Miezi yangu yote, insha, hesabu, vyote nilivihesabu kuwa vimekwenda na maji.

Akajikatiza. Kisha akasema, "Mama, nikuulize kwanza."

"Uliza tu."

"Kama nakuambia iko muzuri, mutamuchukua?"

"Si neno lako peke yake, mama. Lakini ndiyo, litasaidia sana."

"Na mutamurudisha?"

Yule mwanamke angeweza kusema ndiyo, ingekuwa rahisi. "Sitakudanganya," alisema. "Wengine hurudi kwao. Wengi hupata kazi huku, au mbali zaidi. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi."

Nilisikia kiti cha mianzi kikilia. Nilitaka kuingia, nikabaki palepale nimeshika pipa.

"Basi andika," mama mdogo akasema. "Mutumbwi wetu ulizama pale kivukoni na mupunga ya Pangi. Haikuwa yetu peke yetu, ilikuwa pia ya bantu bengine. Miye nililia, nikalala chini. Huyu aliita kila mwenye mupunga, akawaambia: siye tutajilipa mwisho. Tulikula muhogo mpaka kila muntu akapata yake. Leo kule Pangi hawaniulize miye. Wanauliza kama huyu anakuja."

"Naandika, mama."

"Ananikatalia. Miye mukubwa, ananikatalia! Nilitaka kununua camion, lori ya zamani, akasema hapana, nikamutukana mbele ya wateja. Njo yeye alikuwa na haki. Aliyeinunua mpaka leo anaisukuma. Iko na hasira, nakuambia ukweli, hasira mingi. Lakini hajawai kukasirikia muntu munyonge."

Sikuwa nimewahi kusikia maneno hayo. Miaka yote niliyatamani, nikijidai siyahitaji. Sasa yalitoka moja baada ya jingine kupitia matundu ya ukuta, na kila moja lilinisogeza mbali na nyumba ile.

"Na kichwa," mama mdogo akaendelea. "Mungu alimupa kichwa. Tangu mutoto. Nilikuwa nakificha."

Yule mwanamke hakuuliza alikificha ili nani asikione. Alimshukuru, akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Asilale na njaa. Akisoma anasahau kula." Akapumua. "Nimemaliza. Mumuchukue."

Nilipoingia alikuwa bado ameitazama simu, mikono juu ya magoti. Hakuniangalia. Nilikaa sakafuni na umri wangu huu, nikaweka kichwa mapajani mwake, naye akaweka mkono juu yake na kukifunika.

"Nimekutoa," alisema. "Miye mwenyewe, na kinywa yangu."

Nililia kwa sauti. Mimi niliyeitamani shule ile kuliko kitu kingine chochote, siku hiyo nilimwomba Mungu wanikatae.

Hawakunikataa.