Nilivyofukuzwa kazi ya serikali Joburg kwa kusema "nina njaa"

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi shule niliishia la saba kule Tanga, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia. Ila haya yamenipata mimi mwenyewe, na karatasi zake zimo kabatini kwangu hapa Rosettenville. Anayebisha aje nimfungulie asome, na chai nitampa.

Hospitali sitaitaja. Watu nitawataja, maana wao hawakuona haya kunichafua mimi.

Twende.

Kabla ya yote nilikuwa na spaza, kiduka cha mtaani. Mwaka 2015 wakaja watu wakaivunja, wakabeba hadi pazia. Nikasema basi, biashara ya barabarani mimi nimeacha, nataka kazi ambayo hakuna mtu atakuja kuivunja na rungu.

Makaratasi ninayo, permanent residence ya miaka mingi. 2016 nikapata kazi idara ya kufulia kwenye hospitali moja ya serikali. Mashuka, magauni ya wagonjwa, mapazia. Joto la mashine zile acha tu.

Probation miezi kumi na mbili. Ukivuka, umekuwa mtu wa kudumu mpaka kustaafu. Mimi na umri wangu huu, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe, niliihesabu ile miezi kama mfungwa.

Supavaiza wetu alikuwa Thokozile, wote tunamwita Ma Thoko. HR alikuwepo Sipho, mtu wa tai nyembamba na salamu za haraka. Wakariri hao wawili.

Sasa pale geti la nyuma, mlango wa kupitishia mikokoteni ya nguo, kulikuwa na mlinzi Mkongo wa Lubumbashi, Ilunga. Tukazoeana kwa sababu ya Kiswahili. Mchana tunakula pamoja, yeye analeta bukari, ndiyo ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, mimi naleta wali.

Ikikaribia lunch nilikuwa nasimama mlangoni napiga ukelele: "Ilunga! Nina njaa!"

Naye kutoka getini: "Na miye niko na njala, papa!"

Ndiyo ilikuwa kengele yetu. Nyuma yangu wale akina mama wanaokunja mashuka wanakaa kimya. Nikajua tu hawapendi mgeni apaze sauti. Mimi nikawa nawatabasamia.

Kumbe natabasamu na ndiyo nazidi kuharibu!

Mwezi wa kumi na moja, imebaki wiki nne tu, Sipho akaniita. Barua iko mezani imeshapigwa muhuri. Inasema sikufaa, nina lugha chafu kwa wafanyakazi wenzangu.

Nikamuuliza, lugha gani chafu, bhuti, kaka yangu?

"Unajijua mwenyewe. Na uko probation, hatuna haja ya kukueleza."

Ma Thoko alikuwa amesimama dirishani. Hakunitazama. Akasema, "Nenda kwenu ukawaite hivyo watu wa kwenu, kwerekwere." Ndilo tusi lao kwa Mwafrika mgeni.

Wakuu, spaza ilivunjwa sikulia. Siku ile nililia kwenye teksi, mtu mzima, na dereva ananiangalia kwenye kioo.

Ilunga ndiye aliyenishtua. Kampuni yake ya ulinzi ilishawahi kumfukuza kienyeji, akalalamika, akashinda. Akaniambia probation siyo utumwa, hata huko mtu anasikilizwa kwanza ndipo anafukuzwa. Nikaenda ofisi ya usuluhishi, nikajaza fomu ya malalamiko. Penye sababu nikaandika nimebaguliwa kwa sababu ni mgeni. Basi.

Baada ya muda nikaletewa nakala za ushahidi wao. Ni kurasa za daftari la Ma Thoko. Kila akinisikia "nikitukana" alikuwa anaandika tarehe na saa. Mistari kumi na minne, na yote neno moja: anatuita mbwa.

Mbwa! Mimi tangu nizaliwe sijamwita mtu mbwa.

Mke wangu Zainabu anasuka nywele Joubert Park, kutwa yuko na Wazulu, Kizulu kimemwingia. Mimi Kizulu changu kilikuwa cha dukani, mkate, maziwa na chenji. Nikamsomea zile kurasa. Akaniuliza, "Pale mlangoni ulikuwa unasema nini hasa?"

"Namwita Ilunga tukale. Nasema nina njaa."

Akakaa chini sakafuni akacheka mpaka kilemba kikamtoka.

"Baba Salma! Kwa Kizulu *nina* ni ninyi. *Nja* ni mbwa. Umesimama mlangoni miezi kumi na moja unawaambia wake za watu: ninyi, mbwa! Tena na meno nje!"

Yeye alicheka. Mimi sikuona cha kucheka. Nilijua sasa ninacho cha kusema, ila nani ataniamini? Ilunga ni rafiki yangu, wangesema tumepanga.

Siku ya kusikilizwa msuluhishi alikuwa mama mmoja mpole, miwani imening'inia kifuani. Wakanipa mkalimani, Mama Beya, naye Mkongo. Nikaeleza yote. Sipho akacheka kwa pua.

"Hadithi hii ameitunga nyumbani. Tumuulize mkalimani, mtu mwenye njaa kwenu anasemaje?"

Mama Beya, mkweli wa Mungu, akajibu, "Kwetu Lubumbashi tunasema niko na njala."

Eish.

Sipho akapiga meza. "Mnasikia? Hata mkalimani wake hana hilo neno!"

Nilihisi kiti kinazama. Lakini Mama Beya alimgeukia kama mwalimu. "Papa, nimesema kwetu. Yeye ni wa Tanga, kwao ni njaa. Wewe Mzulu, Msotho akiomba maji kwa neno lake utasema hana kiu?"

Msuluhishi akaficha tabasamu kwenye karatasi. Ila akasema neno lenyewe peke yake halitoshi, maana kama linasikika vile, mtu angeweza kulitumia makusudi.

Akachukua daftari, akaanza kusoma saa tu. Saa sita na robo. Saa sita na nusu. Saa sita na nusu. Saa saba kasorobo.

Akamuuliza Ma Thoko, "Huyu bwana asubuhi hatukani?"

"Hapana."

"Jioni je?"

"Mmh. Hapana."

Na hapo ndipo macho yangu yakaenda kwenye tarehe. Kuna mahali zimeruka. Mwezi mzima hakuna mstari. Nikaomba ruhusa niulize mwenyewe. Nikasema, mama, hapa katikati mbona hujaandika kitu?

Ma Thoko akanijibu kwa hasira, "Mwezi ule ulikuwa na adabu! Tukadhani umejirekebisha. Halafu ukaanza tena."

Nikamwambia msuluhishi, "Madam, mwezi ule ulikuwa Ramadhani. Nilikuwa nimefunga. Mtu aliyefunga hasimami mlangoni kutangaza njaa."

Msuluhishi akavaa miwani, akafungua kalenda kwenye simu, akalinganisha. Halafu akamtazama Sipho.

"Mr Sipho, kuna siku hata moja ulimwita huyu bwana ukamuuliza maana ya neno lake?"

Sipho akashika tai.

Nilirudishwa kazini. Nikamaliza zile wiki nne zangu, na barua ya kudumu niliisaini kwa peni yake Sipho. Makusudi, nilimwomba aniazime.

Sasa nisijifanye malaika. Miaka yote ile Joburg sijajifunza Kizulu, hilo ni kosa langu. Wale akina mama wa mashuka walikuwa na haki ya kuumia, nikawafuata mmoja mmoja nikawaomba radhi. Lakini Ma Thoko na Sipho walikuwa na mdomo wa kuuliza na hawakuuliza, kwa sababu anayeitwa kwerekwere haulizwi, anaandikwa. Mpaka leo hawajasema samahani, na mimi sijawasamehe. Msinihubirie.

Somo langu kwenu mlioko ugenini: probation siyo ruhusa ya kukufukuza kama kuku. Ukiletewa ushahidi wao usiuogope, usome mstari kwa mstari, mpaka na pale pasipoandikwa kitu.

Na habari ya kule kazini, wale akina mama wameshajifunza. Ikifika saa sita na nusu wote wanasimama mlangoni wanaita kwa pamoja, "Ilungaaa! Nina njaa!" Wanaangua kicheko.

Ma Thoko anainuka anafunga mlango wa ofisi yake.

Haya, nawe neno gani la kwenu limewahi kukuponza ugenini? Shusha hapa chini. Waliofukuzwa wakiwa probation nao waseme, mimi nipo, nasoma yote.