Bei ya Saa Moja ya Raylene

Kwanza tuwamalize wenye midomo. Raylene Stidham aliposema anadaiwa dola elfu kumi na nane za masomo ya unesi, walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Chuo hiki hiki cha wilaya? Cha bei ya chee? Wewe ulisoma au ulikula?" Alikula, ndiyo! Walitaka asile? Ada yenyewe ililipwa na serikali, karibu yote. Lakini chuo kilimtaka wodini tangu alfajiri, bila malipo hata senti, na siku zilizobaki kilimtaka darasani, kwa hiyo kazi yake ya kuogesha vikongwe kwenye nyumba ya wazee, aliyoifanya miaka kumi, ikabidi aiache. Watu wa umeme hawakumwambia basi soma kwanza, utalipa baadaye. Akakopa mafuta ya gari, akakopa tairi, akakopa unga na maharage, miaka miwili mizima, na mkopo wote ukaitwa wa elimu. Wale waliomcheka hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea sahani ya chakula.

Basi alimaliza, tena vizuri, akiwa na miaka thelathini na saba. Hapa kwetu, katika milima hii ya Kentaki ambako makaa ya mawe yaliisha na waliokuwa wakiyachimba wakaondoka, nesi ndiye mtu pekee anayetafutwa na kazi badala ya kuitafuta. Na Raylene alitafutwa na wawili. Hospitali ya hapa mjini, iliyobaki peke yake katika wilaya tatu, ilisema itampa dola ishirini na saba kwa saa na kumlipia deni lake kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Akiondoka kabla ya hapo, atawarudishia zote kwa mkupuo. Hospitali ya pili ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Tenesii. Hao walisema thelathini na nne, bila kufungwa na mkataba wowote. Ila ni mwendo wa saa moja na ushei kuvuka mlima, na theluji ikishuka barabara ile haina huruma.

"Weka sahihi hapa nyumbani, yaishe," bibi yake, Orlena, alimwambia asubuhi ya siku ya sherehe ya kuhitimu, huku akichovya mkate kwenye mchuzi wa soseji. Bibi huyu ndiye aliyemlea. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha, kwa sigara na kwa vumbi la kiwanda cha nguo, na kokote alikokwenda aliburuta mtungi wa oksijeni wenye magurudumu. "Bwana Prater wa hospitali ni mtu wetu. Tunasali naye."

"Bibi, kila saa kuna tofauti ya dola saba. Kwa mwaka ni zaidi ya elfu kumi na tatu, ukiacha kodi na mafuta. Tenesii nalimaliza deni mwenyewe, na hakuna wa kunishika mkia."

"Sawa, bibie wa mahesabu. Na mimi nikikabwa saa nane mchana, wewe uko nyuma ya mlima, nimwite nani? Mbwa?"

Hapo ndipo hesabu za Raylene zilipokuwa zikigonga ukuta kila siku. Dola saba angeweza kuzizidisha na kuzigawanya atakavyo, lakini kifua cha Bibi Orlena hakikuwa na bei. Akaosha vyombo, akasema haya, atasaini. Prater alikuwa ameahidi kuja na mkataba palepale ukumbini.

Sasa huyu Whitlow Prater, mkuu wa ajira pale hospitalini, ni mtu laini, wa kukushika bega. Siku ya usaili aliuliza maswali mawili ya kazi, halafu yote yaliyobaki yakawa ya nyumbani. Bibi hajambo? Bado anatumia mtungi? Nani anambadilishia? Kumbe uko peke yako naye, maskini! Raylene akamjibu yote, mpaka akamwonyesha picha. Ndivyo tulivyolelewa hapa, mtu akikuulizia mgonjwa wako unamshukuru, humwulizi anataka kujua ili iweje. Alirudi nyumbani siku ile akisema Bwana Prater ana utu, na Jumapili iliyofuata Prater akamletea Bibi supu.

Sherehe yenyewe ilikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Manesi wakihitimu wana desturi yao: hakuna majoho, kila mmoja anavishwa pini ya unesi kifuani na mtu aliyemchagua mwenyewe, mama yake, mumewe, yeyote. Lakini mwaka huo kuku wa kukaanga alinunuliwa na hospitali, na anayenunua kuku naye ana maneno yake. Prater aliomba wale watakaoajiriwa kwake wavishwe pini na nesi wa hospitali. Akamleta Verla Tackett, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyemfundisha Raylene wodini, aliyekuwa akimgombeza mpaka analia na kisha anamletea kahawa. Bibi Orlena alinuna kidogo kwa kunyang'anywa pini, lakini akavumilia.

Raylene aliingia chooni kujitengeneza nywele, akamkuta Brenlee Osborne, mwenzake wa darasa, binti wa miaka ishirini na mbili, anapaka rangi ya midomo. Brenlee alichungulia chini ya milango yote kwanza. Lazima achungulie. Watu wa huku watakusimulia walivyotolewa kizazi mkiwa kwenye foleni ya dukani, lakini mshahara hautajwi. Ndugu wa tumbo moja wanazikana bila kujua nani alikuwa akipata ngapi.

"Usimwambie mtu," Brenlee alinong'ona. "Thelathini na moja kwa saa! Na elfu kumi ya kunikaribisha, juu ya kulipiwa deni. Wewe je?"

Raylene alihisi masikio yanamwaka moto. "Ulimwambia nini Prater?"

"Sikumwambia kitu. Aliniuliza kama nina wa kumtunza, nikamwambia sina, hata kesho naweza kuhamia mjini Neshvili. Raylene? Nimesema vibaya?"

Hapana, mtoto hakusema vibaya. Aliyesema vibaya alikuwa Raylene, na picha yake ya Bibi, na shukrani zake! Yule anayeweza kuondoka walimwongezea ili abaki. Huyu asiyeweza kuondoka, wa nini kumwongezea? Walimpima kwa mtungi wa Bibi yake, wakamkata dola nne kila saa, halafu wakamshika bega. Alinawa uso kwa maji baridi na hasira haikupungua hata chembe.

Alipoitwa jina lake, Verla alikuwa amesimama mbele na pini mkononi, na Prater kando yake na mkataba na kalamu, anatabasamu kwa ajili ya wapiga picha. Raylene hakuipokea kalamu.

"Bwana Prater, mimi umenipa ishirini na saba kwa saa," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye meza ya keki. "Brenlee umempa thelathini na moja na elfu kumi juu. Darasa moja, mtihani mmoja, na mimi nilimpita. Nieleze."

Mzee mmoja alibaki na paja la kuku mdomoni. Bibi Orlena alijiziba uso. "Kaa chini, wewe mtoto! Unatuvua nguo kanisani!"

"Mambo haya yana ofisi yake, Raylene," Prater alisema taratibu. "Njoo Jumatatu tuongee wawili."

"Tulishaongea wawili. Uliniuliza nani anambadilishia Bibi mtungi, nikakwambia ni mimi peke yangu. Ukaenda ukanipangia bei."

Brenlee alikuwa amewiva kama nyanya. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilimwambia sina mtu."

Bibi Orlena aliondoa mikono usoni. Akainuka, mtungi ukagonga mguu wa kiti. "Whitlow," alisema, akihema, "uliponiletea supu ile Jumapili, ulikuja kuniona mimi au kuhesabu pumzi zangu?"

"Jamani, Bibi Orlena, tusifike huko..."

"Tumeshafika. Jibu."

Prater alijaribu kucheka, na hakuna aliyecheka naye. Ndipo Verla, ambaye wakati wote huo alikuwa ameshika pini bila kusogea, akamgeukia Raylene.

"Hebu rudia. Wamekupa ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Ndiyo unaanza nazo?"

"Ndiyo naanza nazo."

Verla alivua miwani, akaifuta kwenye sare, akaivaa tena. "Mimi nina miaka ishirini na mbili pale," alisema, na hakuwa akimwambia Raylene tena, aliwaambia watu wote. "Nusu ya watoto waliokaa humu nimewapokea kwa mikono hii. Napata ishirini na sita na nusu."

"Verla, Jumatatu..." Prater alianza.

Verla alimpita kama anayepita kiti. Akaenda mpaka kwa Bibi Orlena, akamtia ile pini kiganjani. "Huyu ni wako. Mvishe mwenyewe."

Bibi Orlena alichukua muda kuipenyeza pini kwenye kitambaa. Raylene aliinama ili amfikie. Nyuma yao Prater alikuwa akikunja mkataba na kuurudisha mfukoni, bila sahihi.

"Huko Tenesii ulikoniambia wanakutaka," Verla aliuliza, "wanachukua na wa miaka hamsini na minane?"

"Wanachukua, Dada Verla. Wana shida ya manesi kuliko sisi."

"Unaondoka saa ngapi kwenda kuwaona?"

"Saa kumi na moja alfajiri," alijibu Bibi Orlena, kabla Raylene hajafungua mdomo. "Atakupitia. Na mimi nitajitahidi nisikabwe mpaka mrudi."