Nilificha Mwiko, Tukapata Dikteta

"Hivi watu wazima, wenye akili zao timamu, wanampaje mtu mmoja fimbo ya kuwachapia?"

Shangazi yangu aliniuliza swali hilo, akisema madikteta, tukiwa Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilichofanya baada ya hapo ni kosa langu mwenyewe. Simsingizii shetani.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, somo la Historia, mdomo mrefu, kazi sina. Shangazi akanichukua nimsaidie Kiingereza madukani. Tuliishi Watanzania kwenye ghorofa moja nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, pamoja na Wakenya na Mado, mama mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kongo. Jiko letu lilikuwa moja. Na mwiko wa kusongea ugali ulikuwa mmoja tu, umetoka Dar es Salaam ndani ya begi la nguo.

Lile swali nililijibu kwa mhadhara. Nchi imeshindwa vita, imedhalilishwa, kazi hakuna, hela imekuwa karatasi tu. Anatokea mtu, anawaonyesha wa kumlaumu. Na nchi zimeshafungana mikataba, ukimgusa huyu wanakuja na wale, dunia nzima inawaka!

Shangazi akapiga miayo. "Hayo ya vitabuni. Mimi nakuuliza, yule anayepiga makofi anajisikiaje?"

Nikaamua kufanya jaribio.

Kesho yake asubuhi niliuchukua mwiko jikoni nikauficha chini ya godoro langu.

Ungewaona mchana! Walijaribu kusonga kwa upawa wa Kichina, ukavunjika sufuriani. Watu wazima wakakaa kama wamefiwa. Ndipo akasimama Bwana Sefu, mnunuzi wa vitambaa kule soko la Zhongda, mpole aliyekuwa akiomba radhi hata akipiga chafya.

"Jamani, huu si mwiko tu, hii ni dharau. Nipeni ufunguo wa jiko. Kwa muda tu, mpaka upatikane."

Wakapiga makofi. Nami nikapiga, kicheko kimenijaa tumboni.

Haikupita wiki, tukawa na sheria. Nani apike lini, nani asisimame mlangoni. Sefu akanifanya msemaji wake, eti kwa kuwa nimesoma. Watu wakaanza kunipisha kwenye ngazi. Nisiwadanganye, nilinogewa!

Kisha akahitaji mwizi. "Nani hapa anakula ugali na si mwenzetu?"

Macho yote yakamwendea Mado. Mado aliyekesha nami nilipougua homa, akininywesha uji kwa kijiko!

"Mi sikukamata mwiko yenu, vraiment, kweli kabisa! We dada, unanijua. Sema basi!"

Nikatazama viatu vyangu.

Wakenya wakaja juu. "Mkimfungia Mado jiko, mmetufungia sisi wote!" Wakongo wa ghorofa ya juu wakashuka kumtetea. Wa ghorofa ya chini wakatuunga mkono sisi, si kwa ajili ya mwiko, bali kwa kuwa waliwahi kugombana na Wakenya kuhusu kamba ya kuanikia nguo! Sufuria zikaruka koridoni. Mama wa Kichina mwenye nyumba akasimama ngazini akipiga kelele, "Bu yao! Bu yao!", lile neno la sokoni la kusema sitaki, asijue anamkataa nani.

Hapo nikaogopa. Nikaurudisha mwiko mezani kimyakimya, nikidhani yameisha.

Wapi! Sefu akaunyanyua juu. "Mnaona? Adui ametishika! Sasa ni lazima tuulinde. Ufunguo unabaki kwangu."

Makofi, jamani! Makofi!

Amri iliyofuata, mzigo wa Mado usiingie kwenye kontena tulilokodi pamoja kupeleka mizigo Dar. Zilikuwa jinzi zake kutoka Xintang, zipitie Dar zifike Lubumbashi kabla ya Krismasi. Amri hiyo niliitangaza mimi, kwa Kiswahili safi. Kontena likafungwa, mabunda yake yakabaki barabarani yakinyeshewa. Siku anahama alinitazama mara moja tu, akapanda teksi. Heri angenitukana! Sikumwona tena.

Jibu la swali la shangazi nilikuwa nimeshalipata. Anayepiga makofi anajisikia raha, kwa sababu kidole hakijaelekezwa kwake.

Nyinyi wenzangu mnaojiona wajanja, msichezee hofu za watu ili mcheke. Na kama ukweli unao, useme siku ileile, hata wakuzomee. Mimi nilisubiri.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Sefu Kariakoo, upole wake umemrudia. Nikajikaza, nikamwambia aliyeficha mwiko ni mimi.

Akacheka. "Najua, binti yangu. Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko nachemsha chai, nikakuona unaupitisha ndani ya kanga. Unadhani kwa nini nilikufanya msemaji? Wewe tu ndiye niliyekuwa na hakika kwamba hutasema."