Jibu la Idah Ubalozini

Nina duka la kupiga chapa na kutoa picha za pasipoti hapa Malindi, nyuma ya soko. Jina langu Kamaria, ila wateja huniita Bi Mkali wakidhani sisikii. Mtu akiniletea fomu aliyoijaza nusu kwa kalamu ya buluu na nusu kwa nyekundu, namrudisha kwao nayo. Miaka kumi na tisa nimejaza fomu za watu, za pasipoti, za umra, za kazi za Arabuni, na haijarudi hata moja kwa kosa langu. Nayasema haya mapema kwa sababu fahari yangu hiyo ndiyo iliyotaka kumwua mtu.

Idah Mwaro alinijia mwanzoni mwa mwaka jana na barua ya chuo kimoja cha Amerika, jimbo la Ohio. Walikuwa wamempa nafasi na ufadhili wa kusomea udongo. Nilimcheka. Nikamwambia, "Mwanangu, udongo si huo wa kijijini kwenu Kakuyuni umekujaa miguuni? Waufuata ng'ambo?" Hakucheka. Akanieleza kwa upole kwamba shamba lao lilikuwa likitoa magunia kumi na mbili ya mahindi babu yake akiwa hai, na sasa likitoa matatu ni sherehe, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia sababu. Kuanzia hapo nilimpenda, ingawa sikumwonyesha.

Tulihangaika miezi mitano. Kuna mtihani wa Kiingereza aliofanyia Mombasa, chanjo, barua za walimu. Kuna picha ya kupigwa bila miwani na masikio yaonekane, na fomu ya mtandaoni yenye kurasa kama msahafu, inayomwuliza msichana wa Kakuyuni kama amewahi kuuza silaha. Kila jibu alilisoma mara mbili kabla sijabonyeza, na mara moja alinisahihisha tarehe. Ni yeye peke yake aliyewahi kunisahihisha dukani kwangu nikanyamaza.

Katika maongezi yake jina lililojirudia ni la hawe. Ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Baba yake Idah alifariki msichana akiwa na miaka minne, na mama yake, Nelly, hupika katika hoteli Watamu na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Aliyemlea ni hawe Mbeyu, mama mzaa baba, mwanamke aliyepita miaka themanini na asiyejua herufi hata moja. Kila jioni alikuwa akilifungua daftari la Idah na kuhesabu alama nyekundu za mwalimu. Zikiwa nyingi, Idah hapewi ruhusa ya kwenda kucheza. Hivyo ndivyo mtoto huyo alivyosomeshwa na mtu asiyesoma.

Siku ya kwenda Nairobi kwa mahojiano ya viza, alfajiri, hawe alimwita Idah mlangoni kwake. Akateka maji kwa kibuyu, akayatia kinywani, akamtemea kifuani, akasema maneno yake chini kwa chini. Huko kwao hiyo ni baraka ya msafiri. Wazee wote wa zamani waliifanya, na aliyebarikiwa hatakiwi kutangaza alichoambiwa. Baba mkubwa wa Idah, Ngowa, ambaye ni shemasi kanisani na aliyeziacha mila zote isipokuwa kuogopa wachawi, aliwaona akiwa njiani kwenda msalani.

Siku tatu baadaye Idah alirudi na karatasi ya kukataliwa. Alipita dukani, akasimama mbele yangu na mkoba wake, akasema, "Wamekataa, Bi Kamaria." Nikamwuliza kwa nini. Akasema hajui. Nilikasirika, nikaufikiria upuuzi wa watu wa ofisini, nikamwambia tutaomba tena. Sikumtazama machoni. Ningemtazama labda ningejua kwamba anajua.

Kakuyuni habari haikukaa. Kijiji kizima kilikuwa kimemwombea yule msichana, kimemchangia kuku na maneno mema, na sasa kinataka kujua kilichoharibika. Ngowa akakumbuka maji ya alfajiri. Akaenda kwa mpiga mburuga, yaani kwa mganga anayetazama, akarudi na maneno yale yale ambayo waganga huyauza kila mahali: mbaya wenu yu ndani ya boma, ni mzee, hataki mtoto apande. Katika boma lile mzee ni mmoja.

Nataka msomaji anielewe vizuri hapa, hasa asiyetoka kwetu. Katika Kilifi hii mvi si jambo la heshima tena kwa kila mtu; mwenye kichwa cheupe na macho mekundu huitwa mchawi. Wazee wamekatwa mapanga shambani kwao, wengine na watoto waliowazaa, wengine wamekimbilia makao ya kuwahifadhi na kuacha minazi yao nyuma. Tunasema ni ujinga wa watu wa mashambani, tunaendelea na chai. Nami nilisema hivyo miaka yote. Basi watoto wakakatazwa kula kwa hawe Mbeyu. Vijana wakampita bila shikamoo. Asubuhi moja Nelly aliporudi kutoka Watamu alikuta kuku wa mama mkwe wake amechinjwa na kutupwa mlangoni, akanipigia simu akilia.

Ngowa aliitisha kikao cha ukoo Jumamosi, saa nane mchana, na akanitumia ujumbe nije. Karatasi ya ubalozi ilikuwa ya Kiingereza na alitaka isomwe na mtu wa nje asiyeegemea upande wowote. Nilikwenda na miwani yangu na bahasha ya nakala za fomu zote. Nilidhani nakwenda kumsaidia bibi wa watu.

Walikuwa watu kama thelathini kwenye viti vya plastiki. Hawe Mbeyu aliwekwa chini, juu ya mkeka, peke yake, miguu ameinyoosha. Kichwa cheupe kabisa, macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini ya jiko la kuni. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeshukuru kusalimiwa. Idah alisimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Nikasoma karatasi, nikaitafsiri. Ilisema kwamba mwombaji hakuthibitisha kuwa ana mambo ya kumrudisha kwao baada ya masomo.

Ngowa akauliza, "Bi Kamaria, kwenye fomu uliandika kwamba ana kwao?"

"Niliandika."

"Shamba?"

"Shamba, mama, ndugu, bibi. Vyote vimo."

"Basi huenda ulikosea mahali."

Hapo ndipo nilipoharibu. Damu ilinipanda. Mimi, niambiwe nimekosea fomu mbele ya watu! Nikatoa nakala, nikazipunga hewani, nikasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia, "Ngowa, karatasi zangu hazina kosa hata la nukta. Zitazame mwenyewe!"

Ngowa hakukasirika. Aligeuka taratibu akawatazama wenzake. "Mmesikia. Karatasi hazina kosa. Mtoto ana akili, barua anayo, ufadhili anao. Kwao kumeandikwa, na mzungu hakukuona. Ni nani aliyemfumba macho yule mzungu?"

Kijana mmoja akasimama, akaketi tena. Nilijua nimeufunga mlango wa mwisho kwa mikono yangu. Laiti ningesema nimekosea! Neno moja tu, nimekosea, na bibi yule angekwenda kupika ugali wake. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umeshasema. Ngowa akamwinamia mama yake mzazi, akamwuliza, "Mama, ulisema nini juu ya maji yale?"

"Siwezi kusema," hawe akajibu. "Baraka haisemwi."

"Sema, mama. Ukinyamaza wewe, hao vijana mimi siwawezi."

"Mulungu ajua nilichosema."

Idah akatoka nyuma ya kiti. Alikuja akasimama kati ya Ngowa na mkeka.

"Hakuna aliyemfumba macho," akasema. "Yule afisa aliniuliza dirishani, ukimaliza masomo utarudi nyumbani? Nikamwambia sitarudi. Akaniuliza tena, kama kunihurumia, hakuna kinachokungoja kwenu? Nikamwambia hakuna. Nikamwambia kwetu udongo umekufa na watu wanaviziana, na nikipata pa kukaa nitakaa. Akaandika. Ndiyo hayo aliyoyasoma Bi Kamaria. Hawe hana kosa. Ni mdomo wangu."

Nelly alijifunika uso na leso. Wanawake wawili watatu wakaguna, maana wale ni watu waliokuwa wamemwombea msichana huyu kwa majina, na sasa wamesikia alivyowasema huko. Kusema kweli, nilimwonea Ngowa huruma kidogo. Mtu akishajiandaa kumhukumu mama yake, kisha hukumu ikamponyoka, hajui mikono aiweke wapi.

Hawe Mbeyu ndiye aliyezungumza. Hakuwatazama wengine.

"Idah. Uliulizwa kama kuna kinachokungoja, ukasema hakuna?"

"Ndiyo, hawe."

"Hata mimi simo?"

Idah alianguka magotini pale kwenye mkeka akalia kama mtoto mchanga, na mimi Bi Mkali nikatafuta leso nisiione. Bibi akamwekea mkono mgongoni. Kisha akasema, "Basi, mwanangu. Nyamaza. Yamekwisha."

Lakini hayakwisha. Kikao kilivunjika bila mtu kuomba radhi. Ngowa alisema kwamba suala limefungwa, kama vile lilikuwa suala la mpaka wa shamba. Jirani mmoja akasikika njiani akisema labda bibi ndiye aliyemtia mtoto maneno yale kinywani. Neno la uchawi likishatamkwa juu ya mtu halina dawa ya kulitoa.

Idah alirudi dukani baada ya wiki mbili. Tulijaza fomu upya. Nilimtazama machoni safari hii, nikamwambia mimi ndiye niliyemponza bibi yake kwa kiburi changu, anisamehe. Akasema, "Sote wawili tulimponza, Bi Kamaria." Alikwenda Nairobi mara ya pili. Kulikuwa na afisa mwingine, na hakunieleza aliulizwa nini wala alijibu nini. Alirudi na viza.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari alikuja na hawe Mbeyu amemshika mkono. Nilidhani wanataka picha ya pamoja. Bibi akaketi kwenye kiti cha wateja, akaufungua ushungi wake, akasema kwa aibu, "Bi Kamaria, nataka niwe mweusi."

Idah alitoa piko, ile rangi nyeusi ya nywele ambayo mabibi harusi wetu hujipamba nayo. Akaikoroga kwenye kisahani changu cha chai, akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akaanza kumpaka bibi yake kuanzia utosini. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, sweta za mitumba ndani, chanjo zimekamilika, na kazi ya mwisho aliyobakiwa nayo kwao ni kuficha mvi za aliyemlea ili asiuawe. Niliwafungia mlango wa duka. Hawe alifumba macho na maji meusi yakamshuka shingoni, na Idah akawa anayafuta kwa kanga.

Walipomaliza, Idah aliniletea mfuko mezani. Akasema nyumbani hauwezi kukaa, watu wataona. Hawe atakuja kwangu kila mwezi, kama anakuja sokoni, na mimi nimpake. Nikamwambia nitampaka, wallahi. Nikaufungua mfuko, nikazihesabu zile pakiti kwa mazoea yangu ya kuhakiki kila kitu. Zilikuwa arobaini na nane.

"Miaka minne," nikasema. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo," akasema, "nitampaka mwenyewe."