Mwalo Hauozi

Niliondoka Kabwe, kijijini kwetu ziwani, kwa hasira, sina haja ya kuficha. Gati letu lilikuwa limeoza, na mdogo wangu Yustina, ninayeuza naye dagaa, alikanyaga ubao mbovu akiwa na gunia kichwani, akatumbukia na kuvunjika mguu. Wanaume wa kamati ya kijiji walishakwenda Sumbawanga mara mbili kuomba matengenezo, wakarudi mikono mitupu. Nikasema sasa naenda mwenyewe.

"Utawaambia nini ambacho sisi hatukusema?" akauliza mwenyekiti.

Nikamjibu kwamba nikifika nitajua.

Alfajiri nikapanda lori la dagaa, juu ya magunia. Kutoka ziwani hadi Namanyere ni kupanda milima tu. Penye kona kali tulishuka tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Baada ya Chala nchi ikawa wazi, majani na upepo, Wasukuma wakichunga ng'ombe kando ya barabara. Baridi ya Ufipa, jamani! Sisi watu wa ziwani hatukuumbiwa.

Sumbawanga nilifikia mtaa wa Malangali, kwa wifi yangu Georgina, dada wa mume wangu. Aliponiona natetemeka alicheka hadi akashika ukuta. "Wifi, hata serikali hujaiona umeshaanza kutetemeka?" Akanipa uji wa ulezi na blanketi, nikalala kama gogo.

Asubuhi nikaenda kwa bwana samaki, afisa wa uvuvi, kama kamati ilivyofanya. Nikamwambia, "Mwalo wetu umeoza, watu wanaumia."

Akanitazama kwa upole. "Mama, mwalo ni ufuko wa kuegesha mitumbwi. Mchanga unaozaje?"

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Damu ikanichemka. "Mchanga haukumvunja mdogo wangu mguu! Ubao ndio uliomvunja!"

"Ubao? Kumbe mnasema gati! Gati si langu, mama, nenda ujenzi. Wale wazee wenu walinililia mwalo, nikawaambia wakaufagie."

Loo! Kwetu popote chombo kinapotia pua tunapaita mwalo, pawe na mbao pasiwe na mbao. Neno moja lilikuwa limetuzungusha muda wote huo. Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Ujenzi nilimkuta mhandisi, nikasema gati, tena kwa sauti. Alinielewa mara moja, ila jibu lake lilikuwa tayari. "Zama zimebadilika, mama. Sasa ni soko huria. Tafuteni tajiri alitengeneze, kisha awatoze kila mnapotua."

"Na barabara inayopita mbele ya ofisi hii, baba, ni ya tajiri gani?"

Akakohoa. Nikaendelea, "Ushuru wa samaki tunailipa serikali, hatumlipi tajiri. Naomba sehemu yake irudi gatini."

Akasema atafikiria. Nikamwambia afikirie tu, mimi nipo. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Kesho yake nikakaa tena, na keshokutwa, nikimsalimu kwa heshima kila anapopita. Mwishowe akatoka mwenyewe: atatoa mbao, bolti na fundi, kazi ya mikono iwe yetu.

"Rudi nyumbani, mama, zitakuja."

"Zitakuja na mimi," nikasema, na sikubanduka hadi lori lilipopakiwa.

Nikashuka Kabwe nimekalia mbao. Watu walipiga vigelegele, na kesho yake kila mwenye mikono alikuwa majini akishika nguzo. Lakini mbao zile zilifika katikati tu. Fundi alipopigilia ubao wa mwisho, mbele zikabaki nguzo tupu. Watu wakaanza kushangilia hata hivyo. Yustina, aliyekuwa ameketi mguu wake umefungwa, akanyoosha kidole. "Na pale nilipoangukia?"

Pale alipoangukia palikuwa mbele zaidi.

Safari ile imenifunza kwamba mali ya umma haimfuati mwenye haki. Inamfuata anayeitaja kwa jina lake, kisha akakataa kuondoka. Jumatatu napanda lori tena.