Betri Iliyowekwa Mogitu

Ukifika Maretadu ukauliza kwa Mzee Nikolausi Bura, utazungushwa hadi uchoke. Kina Bura wako wengi, na kina Nikolausi ndio usiseme. Lakini uliza kwa Mfuga Betri uone. Mtu atacheka kwanza, halafu atakusindikiza mpaka mlangoni, si kwa ukarimu, ni ili awepo mwenyewe wakati unamwita mzee hilo jina.

Jina lilizaliwa Jumanne moja ya mwezi wa sita, baridi ile ya kukunja vidole, fundi Mwita alipopita kukagua vifaa vya ushirika wa umeme wa jua. Mwita kwao ni Mara. Alikuja huku kwa kazi, akakutana na baridi yetu, akanunua makoti mawili na anayavaa yote kwa pamoja. Basi akapanda juu, paneli ipo, safi. Akafuata waya, ziko sawa. Akaingia ndani kuangalia betri. Pale kwenye kibao cha betri amelala kuku.

"Mzee, betri iko wapi?"

"Haipo," Mzee Bura akajibu, ametulia kabisa, anamenya muwa. "Nimeiweka kwa mtu."

"Umeiweka kwa mtu?"

"Ndiyo. Huko Mogitu, kwa Hermani. Inaendelea vizuri, jana nilipiga simu kuiulizia."

Mwita akashusha kalamu. "Inaendelea vizuri."

"Hermani anajua kutunza, bwana. Mwaka ule wa ukame nilimwekea ng'ombe wawili, hakufa hata mmoja."

Kwa ambaye hajawahi kukaa huku, ngoja aelekezwe. Mtu mwenye akili zake hafugi ng'ombe wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukipita, ukame ukipita, wanaisha wote siku moja. Kwa hiyo unamchukua huyu unamweka kwa rafiki yako Dongobesh, yule unamweka kwa rafiki Hanang. Anayetunza anakunywa maziwa na kupata mbolea. Ng'ombe na ndama wanabaki wako, na akizaa vizuri unamkumbuka mwenzio kwa ndama mmoja. Hakuna karatasi wala muhuri. Kuna urafiki tu, na Mzee Bura na Hermani wamewekeana ng'ombe tangu wakiwa vijana wenye nywele.

Sasa fundi wa watu angejuaje? Akampigia simu mwenyekiti wa ushirika, Mwalimu Fabiola, naye Fabiola akaweka sauti kubwa. Pembeni ya Fabiola alikuwa amekaa Judica, katibu wa ushirika, binti ambaye vidole vyake havijawahi kuona jambo la kuchekesha vikaliacha lipite. Kabla Mwita hajafika barabarani, kwenye grupu la WhatsApp la wanachama kulikuwa na stika: betri ina pembe mbili na mkia, chini imeandikwa MFUGA BETRI. Mpaka jioni stika ilikuwa imefika Arusha kwa Patriki, mtoto mkubwa wa mzee, ambaye alipiga simu nyumbani bila hata kuuliza hali.

"Baba, shikamoo. Nasikia siku hizi unafuga za kisasa."

Mzee akakata simu. Na ukikasirikia jina la utani huku kwetu, umelibatiza.

Lakini tuseme ukweli, kosa hili lina mama yake, na mama yake ni Mwalimu Fabiola.

Miezi michache nyuma, Fabiola alisimama nje ya kanisa baada ya misa kuwaeleza watu habari za ushirika. Akaeleza hisa, watu wakapiga miayo. Akaeleza kwamba paneli na betri ni mali ya wanachama wote, siyo ya mtu mmoja, wakazidi kupiga miayo. Alikuwa mwalimu miaka thelathini, anajua darasa likilala linaamshwaje. Akasema, "Jamani, chukulieni hii betri ni ng'ombe. Ng'ombe ni wa wanachama. Wewe umewekewa, unamtunza, unakunywa maziwa. Maziwa ndiyo hiyo taa."

Wazee wote wakanyanyua vichwa. Mzee Bura alijiunga siku ileile.

Na alijiunga kwa moyo, msimtanie sana. Kule kwenye ushirika, mwanachama mpya anafungiwa umeme na wanachama wenzake kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, na zamu yako haifiki mpaka umesaidia kwa wengine. Mzee alibeba ngazi nyumba sita. Ilipofika kwake, alitaka taa ya kwanza ifungwe zizini. Mkewe, Paskalina, akamwangalia tu. Taa ya kwanza ikafungwa juu ya kiti cha Paskalina.

Maana Paskalina ni mfumaji. Masweta ya wanafunzi unayoyaona asubuhi njia nzima ya Maretadu, mengi yametoka mikononi mwake. Mchana yuko shambani, mahindi na maharage hayajilimi, kwa hiyo sindano zinashikwa jua likishazama. Miaka thelathini na nane amefuma pembeni ya koroboi, moshi unamwingia machoni, asubuhi anakuta mkono mmoja wa sweta umekuwa mrefu kuliko mwenzake na anaufumua. Kisha taa ikawaka kwa mara ya kwanza. Alichukua sweta, akaligeuza ndani nje, akahesabu nyuzi, akacheka peke yake.

Sasa mwezi wa tano, Paskalina akasafiri kwenda Dareda kumtunza binti yao aliyejifungua. Wiki hiyohiyo mzee akaenda Mogitu kumwona Hermani, ambaye alikuwa ametoka hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho. Akamkuta amevaa miwani nyeusi, amekaa karibu na koroboi, machozi yanamtoka.

"Unalia nini?"

"Silii. Ni moshi. Wamenikataza moshi, ila wamesahau kunipa taa."

Mzee Bura alirudi Maretadu akapiga hesabu zake. Kwake kuna taa, na mwenye taa yuko Dareda. Waliobaki ni yeye na kuku, na kuku hawafumi. Kesho yake akafungua betri, akachomoa na taa moja, akaiviringisha betri ndani ya blanketi la harusi la Paskalina ili isipigwe na baridi, akapanda bodaboda hadi Dongobesh.

Pale stendi, akisubiri gari, alikaa kwenye benchi la mama wa chai, amepakata mzigo wake vizuri kama ulivyo. Mama akamwonea huruma.

"Babu, mfunue mtoto kidogo apumue."

"Huyu hapumui, mama."

Watu wanasema chai ilimwagika vikombe vitatu.

Ndiyo betri ikafika Mogitu. Hermani akapata taa moja isiyo na moshi, na chaji ikiisha anaipeleka dukani wanapochaji simu. Mzee akarudi zake, roho nyeupe. Ile karatasi ya kanuni aliyosaini huku anakunywa chai hakuikumbuka hata kidogo. Imeandikwa wazi: kifaa cha ushirika hakitoki nyumbani kwa mwanachama. Kikitoka, uanachama umekwisha na vifaa vinafunguliwa.

Sasa hapo ndipo tulipo. Jumanne Mwita amekagua. Jumatano Paskalina karudi kutoka Dareda, jioni imeingia, katoa sindano zake, kakaa kwenye kiti chake.

"Baba Patriki, washa taa."

Mzee akajifanya anafukuza kuku.

"Baba Patriki."

"Taa imeenda kumwona mgonjwa."

Akamweleza yote, Hermani, moshi, Mwita, mpaka stika. Paskalina alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza swali moja. "Na mkutano wao ni lini?"

"Jumapili. Watapiga kura kama nibaki au nitoke."

"Ukitoka, na mimi nimetoka," Paskalina akasema. "Nina masweta ya shule nzima, shule zinafunguliwa mwezi wa saba. Ungeniambia Hermani ana shida, ningembebea hiyo betri mimi mwenyewe kichwani. Lakini ungeniuliza, Baba Patriki. Ungeniuliza tu."

Akaenda kuchukua koroboi darini. Mzee anasema kelele za ile koroboi ikifutwa vumbi zilimuuma kuliko stika zote.

Akampigia Hermani: rudisha mnyama, haraka. Hermani akajibu kwamba aliyewekewa ndiye anayerudisha, kwa mikono yake, na yeye hawezi kusafiri na mali ya watu bila kujiandaa. "Jumapili nitakuwepo." Akakata. Na mzee hawezi kubishana, maana hata yeye angejibu hivyohivyo.

Jumapili mkutano ukajaa. Hata ambao hawajawahi kuhudhuria walikuja, wengine wamekuja na karanga. Mwita akasoma ripoti yake, akafika pale pa kuku, ikabidi asubiri watu wamalize kucheka. Akasimama Bonaventura, jirani wa mzee kabisa, mtu wa kanuni tangu tumboni.

"Mimi Mzee Bura nampenda. Ila leo betri imeenda Mogitu, kesho ya kwangu itaolewa Singida. Kanuni ni kanuni."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mzee Bura akasimama, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, naomba niulize. Nani alisema betri ni ng'ombe?"

Mwalimu Fabiola akakohoa. "Ni mimi."

"Ng'ombe ni wa nani?"

"Wa wanachama."

"Na mimi ni nani?"

"Mwanachama."

"Basi! Mwenye ng'ombe kamweka ng'ombe wake kwa rafiki. Kosa liko wapi?"

Ukumbi ukalipuka. Judica alikuwa anarekodi huku simu inatetemeka kwa kicheko. Fabiola akangoja, kama anavyongoja darasa.

"Mzee wangu, hapo umenishika. Sasa na mimi nikuulize. Ng'ombe aliyeachwa na marehemu baba yenu, mko ndugu watano. Unaweza kumtoa peke yako ukamweka Mogitu, ndugu zako wakamsikia kwa fundi?"

Mzee Bura akaangalia kofia yake. Hilo halihitaji karatasi ya ushirika, hilo analijua tangu anachunga mbuzi. Ng'ombe wa ndugu hatoki zizini kabla ndugu hawajakaa.

"Siwezi," akasema. "Hapo nimekosa. Nyie ni themanini na wawili, sikumwita hata mmoja. Na Mama Patriki sikumuuliza, na taa ni yake. Mkinitoa mimi, sawa. Ila naomba yeye abaki na taa. Mniandike mimi nje na yeye ndani."

Watu waliokuja na karanga wakaacha kutafuna. Mtu akasema taratibu, "Jamani."

Paskalina, aliyekaa nyuma na wanawake, akasema bila kusimama, "Haandikwi nje mtu wangu. Tunalala nyumba moja, mtatuwekea mpaka kitandani?"

Wakati bado wanacheka ndipo mlango ukafunguliwa. Hermani. Miwani nyeusi, suti ya Pasaka, na mkononi betri imeviringishwa kwenye blanketi la harusi. Akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Ng'ombe amerudi," akasema. "Mkague. Hana kidonda."

Mwita akaikagua kweli, waya kwa waya. "Nzima," akatangaza, sauti yake yenyewe haiamini. "Na imefutwa hata vumbi."

"Na amezaa," Hermani akaendelea, akatoa karatasi mfukoni. Yalikuwa majina ya kaya kumi na moja za kitongoji chake. Watu walikuwa wanakuja kumpa pole ya macho, wanakuta taa, wanasahau macho wanaulizia taa. Wote wanataka kujiunga. "Huyu ndiye ndama. Mimi ni wa kwanza hapo kwenye orodha."

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mwita ni mwajiriwa, hana kura, lakini alinyoosha, ikabidi aambiwe ashushe. Bonaventura akasema atanyoosha kwa sharti moja: aliyezalisha ndama ndiye amlee. Mzee Bura abebe ngazi nyumba zote kumi na moja za Mogitu, bila kukosa hata moja. Ikapita, mzee akabaki. Wakaongeza kanuni mpya kwamba kutakuwa na betri moja ya kuwekwa kwa wagonjwa, ila kabla haijatoka inaombwa kwenye grupu na kila mtu aione. Ombi la kwanza kwenye grupu Mzee Bura alilituma kwa sauti, maana kuandika hawezi kwa haraka, na alianza na "Shikamooni wenye ng'ombe."

Ngazi amebeba. Nyumba ya tisa alianguka nayo, hakuumia, stika ipo.

Na betri imerudi kwenye kibao chake, kuku kahamishwa. Paskalina alifuma yale masweta yote yakaisha kabla shule hazijafunguliwa, akabakiwa na uzi wa kijani. Mwita alipokuja kukagua tena, alikuta betri imevaa sweta la shule, lina mpaka kola.

"Mama, betri haisikii baridi. Inatakiwa ipumue."

"Wewe na makoti yako mawili ndiyo uniambie habari za baridi?"

Mwita aliivua kwa heshima zote. Alipotoka tu, mzee akaivalisha tena kidogo, nusu tu, mabegani.

Haya, na kwenu je? Nani alipata kifaa kipya akakitunza kwa ujuzi wa zamani, na mkampa jina gani? Tupia kisa chako hapo chini, na useme jina liligandaje. Wa sauti, tuma sauti. Mzee Bura atasomewa yote, Paskalina akifuma, na ameomba jambo moja tu: apatikane mwenzake, asiwe peke yake kijiji kizima mwenye jina la mifugo.