Mahari ya Chai ya Maziwa

"Karagwe nzima hakuna wa kunishinda hesabu!" Ndivyo alivyotamba mwenye hoteli wa Ihanda mbele ya watu waliotoka kanisani, enzi zile kwenda kunywa chai kulipokuwa jambo la kuvalia viatu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki ya ubao wa bei, na sauti yake ya mwadhini iliimba huku akifuta vikombe kwa ncha ya kanzu: "Chai kavu tano, maziwa tano, vikioana kumi na tano!" Ukiuliza hizo senti tano za juu zimetoka wapi, alijibu bila kugeuka: "Mahari, bwana." Watu walicheka, wakalipa.

Projestus hakucheka siku alipomleta Kobugabe, mkewe wa wiki moja, anywe chai ya maziwa aliyomwahidi tangu uchumba. Vikombe viwili vilitaka senti thelathini. Yeye alikuwa na ishirini. Akazihesabu tena mfukoni kwa vidole. Kobugabe akamtazama mara moja, akaelewa.

"Shikamoo, mzee. Tuletee chai kavu mbili na maziwa mawili, mbalimbali."

Vilipofika akachanganya mwenyewe, taratibu, bila kumwaga tone. Mwenye hoteli akaja kuwasimamia, akifuta kikombe.

"Na mahari, bibi harusi?"

"Mahari hupokewa na baba mzazi, mzee. Na hayo maziwa unayonunua kila asubuhi ni ya ng'ombe wa baba yangu."

Ncha ya kanzu ikasimama ndani ya kikombe. Mwenye hoteli akacheka mpaka akakohoa, akaenda ubaoni, akaifuta mahari kwa kidole gumba. Tangu siku hiyo mpaka hoteli ilipofungwa, chai ya maziwa ilikuwa senti kumi.